Jinsi ya kuchapa kazi ya utafiti bila kuumaliza mwili

Jaribio lililonifundisha kulala lilikuwa na mirija 48. Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu, nikifuatilia ukuaji wa bakteria kwa saa 24, nachukua sampuli kila saa, mirija miwili kila mara. Nilianza saa mbili asubuhi. Kufika saa tisa usiku nilikuwa macho kwa nguvu ya kahawa na majivuno tu. Kulipokucha nikaketi kupima, nikakuta mirija minne imeandikwa "19" na hakuna hata mmoja ulioandikwa "20". Ipi ni ipi? Mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe na sikuweza kusema. Kwa bahati mbaya badiliko nililokuwa nikilitafuta lilitokea hapohapo, kati ya saa ya 19 na ya 20, kwa hiyo kazi yote ikarudiwa.

Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lile lilifanyika siku nne nyuma, mchana kweupe, nilipokaa na kalamu kupanga jaribio. Nilihesabu chupa, mirija, barafu na kemikali, nikasahau kumhesabu mtu atakayeshika pipeti, kile kifaa cha kuvuta na kutoa vimiminika vidogo kwa kubonyeza gumba. Afya ya mtafiti hupotelea hapo kwenye karatasi ya mipango, kabla hata koti la maabara halijavaliwa. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mipango kuliko kwenye mazoezi na matunda, ambayo umeshahubiriwa vya kutosha.

Hatua ya 1: Fungua daftari la wiki mbili

Mali bila daftari hupotea bila habari, na usingizi vilevile. Kabla ya kubadilisha chochote, chukua data zako kwa siku 14. Tumia kurasa za mwisho za daftari lako la maabara au karatasi yoyote, na kila siku andika mambo matano: saa uliyolala, saa uliyoamka, saa ulizofanya kazi kwelikweli, sehemu ya mwili iliyouma, na kosa ulilofanya kazini.

Safu ya makosa ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo watu wanaoiruka kwa aibu. Andika kila kitu: sampuli uliyoimwaga, faili ulilolifuta, fomula uliyoinakili vibaya, barua pepe uliyomjibu mtu kwa hasira. Wiki mbili zikiisha, linganisha safu hiyo na ile ya usingizi. Mimi nilikuta karibu makosa yangu yote yamerundikana baada ya saa mbili usiku, yaani saa zilezile nilizokuwa nikijisifia.

Jumlisha pia saa za kazi kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa tathmini ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Kama jumla yako imevuka 55 kila wiki kwa miezi kadhaa, hilo ni tokeo la kipimo kama tokeo lingine lolote. Lishughulikie.

Hatua ya 2: Mwingize mtu kwenye mpango wa jaribio

Chukua mpango wa jaribio lako lijalo. Pembeni mwa kila hatua andika saa halisi ya ukutani itakapofanyika. Usiandike "baada ya saa 6". Andika "saa nane mchana". Watafiti wengi hushtuka hapa, kwa sababu mpango uliosomeka vizuri kwenye makala ya mtu mwingine unaangukia saa saba usiku ukiwekwa kwenye siku yako.

Sasa sogeza. Lile jaribio langu la saa 24 lilikuwa na dawa rahisi, na fundi wa maabara aliyekuwa jirani yangu aliniambia baada ya kuniona nimesinzia juu ya meza. Tumia chupa mbili. Chupa ya kwanza ianzishe saa mbili usiku, kisha nenda nyumbani. Ya pili ianzishe saa mbili asubuhi inayofuata, kwa mbegu ileile na kiasi kilekile cha bakteria. Asubuhi hiyo chupa ya kwanza iko saa ya 12 na ya pili iko saa ya 0. Chukua sampuli kwenye zote mbili hadi saa mbili usiku: ya pili inakupa saa 0 hadi 12, ya kwanza inakupa 12 hadi 24. Saa ya 12 unaipata kwenye chupa zote mbili, kwa hiyo unaweza kuhakikisha kwamba zimekua sawasawa. Ni siku ndefu, ndiyo, lakini ni siku, na kitanda chako kinakuona.

Pili, tafuta vituo. Taratibu nyingi za maabara zina mahali unapoweza kusimama bila hasara. DNA iliyozamishwa kwenye ethanoli inaweza kulala kwenye friza la nyuzi joto −20. Sampuli iliyotiwa kingamwili ya kwanza, ile inayoitafuta protini yako, mara nyingi huachwa usiku kucha kwenye nyuzi joto 4. Mashine ya PCR, ile ya kuzidisha nakala za DNA, inaweza kuamriwa ishikilie sampuli kwenye baridi hadi asubuhi. Vipigie mstari vituo hivyo kwa kalamu nyekundu, ili uchovu ukikubana ujue ni wapi pa kushukia. Mtu aliyechoka hakumbuki vituo. Anaona njia moja tu, ya kwenda mbele.

Tatu, zidisha muda. Utaratibu unaoujua, chukua makadirio yako uongeze nusu. Utaratibu mpya, zidisha mara mbili. Anayesema "ni saa tatu tu" kwa kawaida hajahesabu kutafuta barafu, kungoja sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi) iliyoshikwa na mwingine, na kusafisha meza.

Kwa wenzetu wa kompyuta na nadharia, ambao hudhani haya hayawahusu: kazi mliyoituma kwenye kompyuta kubwa haikimbii zaidi kwa sababu mnaichungulia saa sita usiku. Iamuru itume ujumbe ikimaliza au ikikwama, ihifadhi matokeo ya njiani ili ikianguka isianze upya, kisha zima skrini.

Kuna kazi ambazo usiku haukwepeki. Mwanafalaki husubiri giza, na ukipewa zamu kwenye darubini au mashine ya kuharakisha chembe, zamu ni hiyo. Basi jiandae kama unavyoandaa vifaa. Siku mbili au tatu kabla, sogeza usingizi mbele saa moja au mbili kila siku. Lala kidogo jioni kabla ya zamu. Andika lebo zote mchana, ukiwa na akili timamu. Gawana usiku na mwenzako. Na usiendeshe gari kurudi nyumbani. Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha katika jarida la Nature mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hushuka uwezo wa mikono na macho kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni kosa la barabarani. Usingemruhusu mlevi aguse sampuli zako.

Hatua ya 3: Usingizi, na hesabu ya kahawa

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Wapo wachache wanaotosheka na pungufu, na karibu kila mtafiti niliyekutana naye anaamini yeye ni mmoja wao.

Kafeini hupungua mwilini hadi nusu kwa takriban saa 5, ingawa kwa wengine huchukua muda zaidi. Piga hesabu: kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado inazunguka saa tatu usiku, na robo yake iko nawe saa nane usiku. Kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe saa saba au saa nane mchana. Utaona wiki ya kwanza alasiri ni ngumu. Hilo ni deni la usingizi lililokuwa limefunikwa, sasa linadai.

Hatua ya 4: Mikono, shingo na macho

Nilipata ganzi ya kidole gumba kabla ya kupata makala yangu ya kwanza. Nilidhani nimelalia mkono. Kisha nikakaa nikahesabu. Sahani moja ya plastiki ya kuwekea sampuli ina vishimo 96. Nilikuwa na sahani 4 kwa siku, kila kishimo kinatiwa vimiminika 3, jumla mizunguko 1,152. Katika kila mzunguko gumba linabonyeza kuvuta, linabonyeza kutoa, linabonyeza tena kumalizia tone, kisha linabonyeza kuiangusha ncha. Hayo ni mabonyezo zaidi ya 4,600 kwa siku, kwa kidole kimoja.

Dawa ya kwanza ni pipeti ya njia 8, inayojaza vishimo vinane kwa pamoja, ambayo inaishusha ile 1,152 hadi 144. Ya umeme ni bora zaidi kama maabara inayo. Kama huna chochote ila pipeti ya kawaida, rekebisha haya: shusha kila kitu mezani, kuanzia mirija na masanduku ya ncha hadi chombo cha taka, ili kiwiko kibaki karibu na ubavu na mkono usinyanyuke juu ya bega. Ingiza ncha kwa kugusa tu; watu huzigongelea kama misumari bila sababu. Usiibane pipeti, ishike kama unavyoshika ndege mdogo. Kila dakika 20 weka chini, fungua vidole, zungusha mabega, andika daftari, kisha rudi.

Sikiliza dalili mapema. Ganzi au kuchomwachomwa kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni ishara kwamba neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Maumivu upande wa gumba unapoukunja mkono ni ishara ya kano zilizovimba. Vyote viwili hutibika vizuri vikiwahiwa, na vyote viwili watafiti huvipeleka hospitali vikiwa vimeshakomaa.

Kwenye hadubini, kanuni ni kwamba lenzi zije kwa macho yako. Shingo isiende kwa lenzi. Pandisha au shusha kiti, na ikibidi inua hadubini kwa kitu imara na kipana. Kwenye kompyuta, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Kompyuta mpakato haiwezi kukupa hilo peke yake, kwa hiyo iinue na tumia kibodi ya pembeni. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Wakati wa kuandika tasnifu ndipo macho na mgongo huharibika zaidi, kwa sababu hakuna jaribio la kukuinua kitini.

Hatua ya 5: Usifanye haraka na sumu

Mnamo Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethilizebaki, kimiminika cha zebaki chenye sumu kali, juu ya glovu yake ya mpira. Alikuwa bingwa wa metali zenye sumu na alikuwa amevaa kinga iliyokubalika wakati huo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba kemikali ile hupenya glovu za aina hiyo kwa sekunde chache. Alifariki Juni 1997. Marie Curie naye alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na miaka mingi ya mionzi, na madaftari yake bado yana mionzi hadi leo. Nawataja kwa sababu wote wawili walikuwa wachapakazi hodari, na bidii haikuwakinga.

Kila kemikali ina karatasi yake ya usalama. Huna haja ya kuimeza yote. Soma sehemu ya 4, huduma ya kwanza, na sehemu ya 8, kinga. Soma kabla ya kufungua chupa, maana ikishamwagika hutakuwa na utulivu wa kusoma. Chagua glovu kwa kemikali, kwa sababu hakuna glovu inayozuia kila kitu, na ikidondokewa ivue mara moja, osha mikono, vaa nyingine. Kemikali ikikuingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili huku mwenzako akiita msaada. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, tazama saa. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko kamwe. Ukijichoma na kitu chenye damu ya binadamu, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, na nenda hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza haraka iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazitolewi.

Naitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi joto −196, na lita moja hugeuka gesi karibu lita 700. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa inafukuza oksijeni kimyakimya, haina harufu ya kukuonya. Usipande nayo lifti.

Kama una mimba au unapanga kuwa nayo, zungumza na mhusika wa usalama mapema, hata kabla hujawaambia wengine. Wiki za mwanzo ndizo nyeti, na kemikali kadhaa za kawaida maabara hazifai.

Na jambo moja lisilo na mjadala: kazi yenye moto, sumu kali, mgandamizo mkubwa au umeme mwingi usiifanye peke yako usiku. Iache mpaka asubuhi.

Hatua ya 6: Kula, kunywa, kutembea

Maabara hairuhusu maji wala chakula, na hivyo ndivyo mtafiti anavyokaa saa sita bila tone. Funga kunywa na kitendo unachokifanya tayari: kila ukivua glovu na kunawa mikono, toka nje ukanywe. Chakula cha mchana kiandike kwenye mpango wa jaribio, na saa yake, kama hatua yenye namba.

Mwili unataka dakika 150 za mwendo wa kasi kwa wiki, na mazoezi ya misuli mara mbili. Sentrifuji ya dakika 30 ni matembezi ya dakika 25. Isubiri kwanza ifikie kasi yake kamili bila kutikisika, kisha ondoka.

Hatua ya 7: Moyo

Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha matokeo ya wanafunzi 2,279, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26: asilimia 39 walikuwa na dalili za sonona za kati hadi kali. Walioshiriki walijitolea wenyewe, kwa hiyo yawezekana walioumia walijitokeza zaidi. Hata hivyo, ukikaa kwenye chumba cha kahawa cha watafiti hushangai.

Sayansi ina jambo moja gumu: kushindwa ndiyo kawaida yake. Jaribio halikubali, jarida linakataa, ruzuku inakwenda kwingine, na yote hayo huja na maoni ya maandishi. Panga kwa kulijua hilo. Kuwa na mradi mmoja wa kubahatisha na mwingine mdogo wenye uhakika, ili kila miezi michache kuwe na kitu kilichokamilika. Barua ya kukataliwa isome mara moja, ifunge, usijibu wala kurekebisha kitu kwa saa 48. Na uwe na angalau mtu mmoja wa karibu asiyejua kazi yako ni nini. Yeye hukuuliza umekula, haulizi data zimefikia wapi.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, linaeleza kuchoshwa kupindukia na kazi kwa alama tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona huna unachokiweza. Ukiona mbili kati ya hizo, rudi hatua ya 1 na 2 ukate kazi. Lakini kama huzuni au kutopenda chochote kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili, hapo usijitibu kwa ratiba, muone daktari. Na mawazo ya kujiua yakikujia, mwambie mtu leo, mfike hospitali leo.

Hatua ya 8: Zungumza na msimamizi

Wengi huenda kwa msimamizi na neno "nimechoka", na neno hilo halina jibu. Peleka daftari la wiki mbili na mapendekezo mawili. Kitu kama hiki: "Profesa, wiki zilizopita nimefanya saa 62 na 65, na makosa yaliyoharibu sampuli yote yalitokea usiku. Naweza kumaliza sahani hizi kufikia tarehe 20 nikiacha uchambuzi wa pili usubiri, au nikafanya vyote kufikia mwisho wa mwezi ujao. Unapendelea kipi?" Umempa uamuzi wa kufanya, na umezungumza lugha yake.

Msimamizi mwema atachagua. Yupo pia anayepima kazi kwa taa zinazowaka usiku, na kwa huyo mazungumzo yatagonga ukuta. Ongea na mkuu wa idara au mjumbe mwingine wa kamati yako, andika tarehe na maneno, na ujue kwamba kuhama maabara kunawezekana. Nimeona watu watatu wakihama. Wote walimaliza.

Hatua ya 9: Andika ukurasa wa kukabidhi

Utaumwa siku moja, na seli hazijui kuwa una homa. Andika ukurasa mmoja: kipi kiko wapi, kinalishwa nini, siku gani, kiasi gani, na kipi kinaweza kuachwa kife bila mtu kulia. Mpitishe mwenzako mara moja akiwa anafanya kwa mikono yake huku wewe umenyamaza. Atakaposita, hapo ndipo maandishi yako hayajitoshelezi.

Wangu niliubandika ubavuni mwa friza. Nilipougua mwaka uliofuata, mwenzangu alizilisha seli zangu siku nne bila kunipigia simu hata mara moja. Alikosea kitu kimoja tu: sehemu ya vitu vinavyoweza kuachwa vife, aliitekeleza kwa uaminifu mkubwa, na mmea wangu wa dirishani nao ulikuwa kwenye orodha.